Mgeni Njoo, na Mwenyeji Je?

Ndugu msomaji, tangu utotoni tumeambiwa: mgeni njoo, mwenyeji apone. Ni methali tamu mdomoni. Lakini mimi nauliza: wageni wakija kwa maelfu kila siku, na mwenyeji mwenyewe ni kibarua anayelipwa kwa saa, anapona kweli? Swali hili siliulizi hewani. Lina historia, na historia yake iko California, Marekani, katika bustani ya burudani iitwayo Disneyland.

Wengi wetu tunamjua Mickey Mouse kuliko tunavyowajua watu wanaofagia nyumbani kwake. Basi leo tuwaache panya, tuwaangalie wafagiaji, wakata tiketi na waendesha pembea.

Disneyland ilifunguliwa tarehe 17 Julai 1955 katika mji wa Anaheim. Siku yenyewe ilikuwa vurugu tupu! Watu waliingia na tiketi za kughushi. Jua likawaka, lami mpya ikalainika hadi viatu vya akina mama vikawa vinazama visigino. Mgomo wa mafundi bomba ulikuwa umechelewesha kazi, ikabidi Walt Disney achague kimoja: vyoo au mabomba ya maji ya kunywa. Akachagua vyoo. Watu wakashinda na kiu, huku televisheni ikitangaza sherehe moja kwa moja.

Kwa hiyo asije mtu akakudanganya eti huduma nzuri ilizaliwa pamoja na bustani. Ilifundishwa. Mwaka huohuo wa 1955 aliajiriwa Van Arsdale France, mtu mwenye uzoefu wa kufundisha wafanyakazi wa viwandani, ili awaandae vijana wa kazi. Somo lake kubwa lilikuwa fupi: kazi yetu ni kuwapa watu furaha. Kuegesha magari, kukata tiketi, kuzoa taka, zote hizo ni njia tu za kufikia furaha hiyo.

Hapa sisi tunaojifunza kuandika tufungue masikio, maana silaha iliyotumika ilikuwa maneno. Mteja alifutwa, akaja mgeni. Mfanyakazi akawa mwigizaji. Sare ikawa vazi la mchezo. Mahali wanapopita wageni pakaitwa jukwaani, na kule stoo na jikoni pakaitwa nyuma ya jukwaa. Ukishavuka mlango tu, umeingia mchezoni: kununa marufuku, hata kama asubuhi umegombana na baba mwenye nyumba.

Na hayakuwa maneno matupu. Kuna swali moja la wageni ambalo ni maarufu sana pale: "Samahani, gwaride la saa tisa linaanza saa ngapi?" Wewe na mimi tungecheka mbavu ziume. Wao wanafundishwa wasicheke, kwa sababu mgeni hakuuliza ujinga. Anataka kujua gwaride litafika saa ngapi hapo aliposimama, na akae wapi watoto wapate kivuli. Kulisikia swali lililojificha ndani ya swali, hiyo ndiyo huduma, jamani. Mimi nauheshimu ujuzi huo kama ninavyouheshimu ujuzi wa seremala.

Sasa twende nyuma ya jukwaa. Huko tunakuta kwamba hata uso wa mfanyakazi ulikuwa mali ya onyesho. Kwa miaka mingi wanaume walikatazwa kufuga masharubu, wakati Walt mwenyewe alikuwa nayo! Ruhusa ya masharubu ilikuja mwaka 2000, ya ndevu 2012, na ya kuonyesha tatuu 2021. John Van Maanen, msomi aliyewahi kuwa kibarua pale, aliandika mwaka 1991 jinsi vijana walivyolipiza kisasi kimyakimya kwa wageni wakorofi. Mkanda wa kiti unavutwa ukabana kupita kiasi, au watu waliokuja pamoja wanapakizwa magari tofauti. Usoni, tabasamu lilelile. Silisifu jambo hilo, lakini nalielewa. Mtu ukimkataza asikasirike kwa mdomo, hasira itatafuta mikono.

Kisha likaja suala la mshiko. Mwaka 1984 kampuni ilitaka kusimamisha nyongeza za mishahara, wafanyakazi wakagoma siku 22. Ruth Smith na Eric Eisenberg, watafiti walioandika juu ya mgogoro huo mwaka 1987, walionyesha kwamba pande mbili zilisema lugha mbili. Wakubwa waliiona kazi kama mchezo wa kuigiza, wafanyakazi waliiona kama familia. Mwigizaji unaweza kumbadilisha. Ndugu je, unambadilisha? Mtu aliyejiona ndugu karibu miaka 30, ukianza kumhesabia senti, usishangae akiweka fagio chini.

Mambo hayakuishia hapo. Februari 2018 ulitolewa utafiti uliohoji wafanyakazi wapatao 5,000 wa bustani za Anaheim, na 11 katika kila 100 walisema wamewahi kukosa makazi ndani ya miaka miwili iliyotangulia. Kampuni iliupinga, ikisema umelipiwa na vyama vya wafanyakazi. Sawa, lakini Julai mwaka huohuo ilikubaliana na vyama hivyo mshahara usiopungua dola 15 kwa saa ifikapo 2019. Fikiria mwenyewe: mchana unamkaribisha mgeni kwenye kasri, jioni hujui utalala wapi.

Kilichonifurahisha zaidi ni cha Mei 2024. Wale wanaovaa sura za akina Mickey na kucheza kwenye magwaride walipiga kura, 953 dhidi ya 258, kujiunga na Actors' Equity, chama cha waigizaji wa Marekani. Umeona, msomaji? Neno "mwigizaji" walipewa ili watabasamu. Wao wakalishika nenolenyewe, wakaenda nalo kudai haki.

Kwa hiyo tusidharau heshima kwa wageni. Ni kazi, ina ufundi, na kama kazi zote ina bei yake. Mgeni na aje, tena karibu sana. Ila mwenyeji apone kwa mshahara, asiponywe kwa methali.