Wimbo Uliotokana na Hasara ya Dola 50

Mwaka 1912 William Christopher Handy aliuza haki zote za utunzi wake "The Memphis Blues" kwa dola 50. Wimbo ukavuma, karatasi zake za noti zikauzwa kama njugu, na faida ikaingia mifuko ya watu wengine. Haki hizo zilimrudia mwaka 1940, hatimiliki ya kwanza ilipomaliza miaka yake 28. Kwa mtu mwenye nyumba ya watoto, huko ni kungoja kwingi.

Ndiyo maana kisa cha "St. Louis Blues", wimbo ambao karibu kila mpiga jazi ameupitia, kinaanzia kwenye biashara. Handy, mtoto wa mchungaji kutoka Florence, Alabama, alitaka wimbo mwingine wa kuvuma, na safari hii uwe mali yake. Akaungana na Harry Pace, kijana aliyezijua kazi za benki, wakafungua kampuni ya kuchapisha muziki mjini Memphis. Mwaka 1914 akapanga chumba mtaa wa Beale, mbali na kelele za wanawe, akakesha akitunga.

Katika tawasifu yake ya 1941 anasimulia kilichomjia usiku ule. Miaka ya 1890 mwanzoni alikwama St. Louis bila senti, akawa analala juu ya mawe ya gati kando ya mto Mississippi. Huko alimwona mwanamke mlevi akipepesuka gizani, akimlalamikia mume mwenye moyo mgumu. Malalamiko yale aliyaingiza kwenye wimbo. Kwenye karatasi ya noti kuna jina la mtunzi mmoja tu.

Mtindo nao aliuokota njiani. Miaka ya mwanzo ya karne ya 20, akingoja treni kituo cha Tutwiler, jimbo la Mississippi, alimsikia mtu mweusi mwenye nguo zilizochakaa akiburuza kisu juu ya nyuzi za gitaa huku akiimba. Handy alikuwa mwanamuziki wa kusoma noti. Muziki ule ulimshangaza. Alichofanya baadaye ni kuupa umbo la kuchapishika: beti za baa 12, na katikati sehemu yenye mdundo wa tango. Midundo ya namna hiyo hakuwa mgeni nayo, kwa kuwa mwaka 1900 alikuwa amezuru Kuba na kundi la maonyesho. Anakiri kwamba aliwatega wachezaji dansi: wakiwa wamejituliza kwenye tango, bluzi ikawavamia.

Santuri ndizo zilizoufikisha mbali. Marion Harris, mwimbaji mzungu, aliurekodi mwaka 1920. Lakini rekodi isiyopitwa, kwa sikio la mwandishi huyu, ni ya Bessie Smith ya Januari 1925. Louis Armstrong yupo kwenye korneti, Fred Longshaw kwenye kinanda cha upepo, na mwendo ni wa polepole mno. Bessie anamaliza mstari, Armstrong anamjibu, kama majirani wawili wanaosemezana juu ya ua. Mwaka 1929 Bessie aliuimba tena kwenye filamu fupi yenye jina la wimbo huo, filamu pekee aliyowahi kuigiza.

Sifa ya "baba wa bluzi" haikumwendea Handy bila ugomvi. Mwaka 1938 Jelly Roll Morton, mpiga piano wa New Orleans aliyekuwa na ulimi mkali, aliandika barua ndefu iliyochapishwa na jarida la DownBeat, akimkana Handy kuwa mwanzilishi wa jazi na bluzi. Morton alijisifu kupita kiasi katika barua hiyo hiyo, ila hapo hakukosea: bluzi ilikuwa ikiimbwa kabla Handy hajaisikia. Aliyejua kuiandika, kuisajili na kuilinda alikuwa Handy, naye alikula matunda ya "St. Louis Blues" hadi alipofariki mwaka 1958.