Maji ya Muhogo Hayakuwa Taka

Anayesikia kwamba wataalamu wanasaka protini na sukari katika maji machafu ya viwanda vya wanga hudhani jambo hilo limeanza juzi. Wenyeji wa Amazon walifanya jambo la namna hiyo kabla Wareno hawajatia nanga Brazil mwaka 1500, tena kwa maji ya hatari, maji ya muhogo mchungu. Muhogo uliokunwa hushindiliwa ndani ya tipiti, mfuko mrefu wa ukili uliosukwa, ambao huning'inizwa na kuvutwa kwa chini hadi ujikaze na kukamua. Maji ya manjano yanayochuruzika huachwa yatulie. Wanga mweupe hutuama chini; huo ndio tapioka, jina lililotoka katika lugha ya Kitupi. Maji ya juu yakinywewa mabichi huweza kuua. Lakini yakichachushwa kisha yakachemshwa, sumu yake, sianidi, hupaa na mvuke. Kinachobaki ni tucupi, mchuzi mchachu ambao hadi leo mjini Belém huuzwa barabarani katika mabakuli ya kibuyu, pamoja na rojo la wanga uleule, kamba wakavu, na majani ya jambu yanayotia ganzi ulimi. Huko Guyana maji hayo huchemshwa zaidi hadi yawe mazito na meusi: hiyo ndiyo cassareep, inayotumika kuungia nyama na kuichelewesha kuoza.

Muhogo ulivuka bahari kuja Afrika katika karne ya 16, lakini tucupi haikuota mizizi huku. Kwetu muhogo mchungu ulilowekwa, ukavundikwa, ukaanikwa makopa, na maji yakamwagwa. Kuuita umwagaji huo uzembe ni kuwaonea mama zetu. Kuvundika hupunguza sumu bila moto, ilhali kuchemsha vyungu vya maji hadi yawe mazito hula kuni nyingi. Yaelekea walipima gharama, wakachagua.

Pingamizi zito zaidi dhidi ya kuyatumia maji hayo leo ni kwamba mambo ya chungu hayafai kiwandani. Historia inakataa. Mwaka 1941 mtafiti wa penisilini Norman Heatley alitoka Oxford, Uingereza, hadi Peoria, Illinois, kwenye maabara ya serikali ya Marekani iliyotafutia mazao ya kilimo matumizi mapya. Huko Andrew Moyer, mtaalamu wa maabara hiyo, alilisha kuvu ya penisilini kwa maji yaliyolowekewa mahindi katika viwanda vya wanga, yakiwa yamekolezwa. Yalikuwa yamebeba asidi amino na madini ya punje, na mavuno ya dawa yakaongezeka mara nyingi. Dawa iliyookoa majeruhi wa vita ilikuzwa kwa mabaki ya kinu.

Kinachounganisha Belém na Peoria ni kwamba maji yalishughulikiwa mapema, na mtu aliyejua yamebeba nini. Yakiachwa bwawani huoza, na yakifika mtoni humaliza hewa ya samaki. Kwa hiyo anayepanga kiwanda cha wanga wa muhogo aulize habari ya maji siku ileile anaponunua mashine ya kukunia, kabla bomba la kwenda mtoni halijafukiwa.