MGENI APEWE JEMBE: HISTORIA FUPI YA MAISHA YETU NAKIVALE



Katika toleo hili la kumbukumbu ya Siku ya Wakimbizi Duniani, tarehe 20 Juni, Kamati imeona vyema kusimulia kwa ufupi historia ya makazi haya. Shabaha yetu ni mbili. Kwanza, aliyefika juzi ajue yuko wapi na nani walimtangulia. Pili, mfanyakazi wa shirika ajue kwamba watu anaowahudumia wana historia ndefu kuliko fomu zao.

Waliotutangulia

Uganda haikuanza jana kupokea wageni. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, tangu mwaka 1942, maelfu ya Wapolandi waliletwa Afrika Mashariki kwa njia ya Iran, baada ya kutoka Urusi walikokuwa wamehamishiwa kwa nguvu. Hapa Uganda waliwekwa Koja, kando ya Ziwa Victoria, na Nyabyeya, karibu na Masindi. Kanisa walilolijenga Nyabyeya bado limesimama. Wengi wetu tunadhani mkimbizi ni mtu mweusi peke yake. Historia inasema vingine.

Makazi yetu ya Nakivale yalitangazwa rasmi mwaka 1960, yakapokea Wanyarwanda waliokimbia machafuko yaliyoanza Novemba 1959. Wengi wao waliamini watarudi kwao baada ya muda mfupi. Muda huo mfupi ukawa zaidi ya miaka 30. Sheria ya wakati ule iliwataka wakimbizi wakae mahali walipopangiwa. Watoto walizaliwa, wakakua, wakaoa na kuolewa, nao Rwanda waliijua kwa masimulizi ya wazazi tu.

Miaka peke yake haitoshi

Mtu anaweza kufikiri kwamba akikaa sana mahali, hatimaye atakuwa mwenyeji. Mwaka 1982 ulionyesha kwamba sivyo. Mwezi wa Oktoba mwaka huo, katika sehemu hizi za Ankole, watu wa asili ya Kinyarwanda walifukuzwa majumbani mwao. Nyumba zilibomolewa na kuchomwa, ng'ombe wakaporwa. Baadhi walivuka mpaka kwenda Rwanda, wengine wakasukumwa kurudi katika makazi ya wakimbizi, Nakivale ikiwemo. Wamo waliokuwa wamezaliwa Uganda, na wamo waliokuwa raia.

Kisha mwaka 1994, baada ya serikali kubadilika Kigali mwezi wa Julai, wengi wa wakimbizi wale wa zamani walirudi kwao. Mashamba waliyoyaacha mengine yalichukuliwa na wenyeji, nayo ikazaa ugomvi wa mipaka uliodumu miaka mingi. Wakati huohuo wakaja wengine: Wanyarwanda wapya, Warundi, Wasomali, Waethiopia na Wakongo.

Sheria nayo ilibadilika. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 ilimpa mkimbizi haki ya kufanya kazi na kutembea nchini. Hilo ni jambo kubwa, na nchi nyingi hazijafika hapo. Lakini sheria hufungua mlango tu. Kuingia ndani na kuishi na watu ni kazi ya mtu mwenyewe na jirani yake.

Msimu wa kwanza

Basi mtu huzoeaje nchi mpya? Wanaoishi hapa wanajua: huanza na maneno, kisha soko, kisha shamba.

Maneno kwanza. Mkongo aliyetoka Rutshuru kwao alisema bidoni. Hapa atasikia jerikeni. Kwao alikula bugali. Hapa ataambiwa posho. Makuta yamegeuka sente. Kiswahili chenyewe kina historia ngumu katika Uganda, kwa kuwa wananchi wengi walikisikia zaidi midomoni mwa askari. Mwaka 2005 katiba ilirekebishwa kikawa lugha rasmi ya pili. Lakini hapa Nakivale hakikungoja katiba. Sokoni ndicho kinachompatanisha Mrundi na Mkongo, na Msomali mwenye duka hukijifunza ili auze. Nje ya makazi, hata hivyo, lugha ni Runyankole. Anayesalimiwa "Agandi" akajua kujibu "Nimarungi" amepiga hatua ambayo hakuna shirika linaloweza kumpigia.

Shamba ndilo jambo gumu. Mvua za huku huja mara mbili: kuanzia Machi, na tena kuanzia Septemba. Familia inayofika Juni hukuta msimu umekwisha; wenzao wanavuna maharage, wao wanasimamisha miti na karatasi ya plastiki. Wakipanda Septemba, mavuno ya kwanza watayaona karibu na mwisho wa mwaka. Miezi hiyo yote wanategemea mgao na jirani.

Na mgao umepungua. Aprili 2020 chakula cha wakimbizi nchini Uganda kilipunguzwa kwa asilimia 30 kwa sababu ya upungufu wa fedha, na Februari 2021 kikapunguzwa tena. Wakati huohuo idadi yetu iliongezeka. Kufikia 2023 Uganda ilikuwa na wakimbizi zaidi ya milioni 1.5. Baada ya Bunagana kutekwa Juni 2022, na Goma Januari 2025, ndugu zetu wa Kivu waliendelea kuvuka mpaka. Viwanja wanavyopewa ni vidogo kuliko vya waliotangulia.

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Methali hii watu huitumia kumharakisha mgeni aondoke. Sisi tuliokaa makazini tunaielewa vingine. Mgeni asiyepewa jembe hubaki mgeni siku zote, akikaa miaka 30. Mwenye jembe ana mavuno. Mwenye mavuno anaweza kukopesha debe la mahindi. Na aliyekopesha jirani yake ameshakuwa jirani.

Maombi yetu

Kwa wafanyakazi wa mashirika: tunawashukuru kwa kazi yenu. Tunaomba majembe na mbegu zitolewe kabla ya Machi na kabla ya Septemba. Jembe linalofika Novemba, kwa familia yenye njaa, limechelewa msimu mzima.

Kwa wakaaji wa zamani: kumbukeni usiku wenu wa kwanza hapa. Mwonyesheni mgeni njia ya maji, mpaka wa kiwanja chake, na jirani Mnyankole ambaye ng'ombe wake hupita hapo. Ugomvi mwingi wa mipaka ungezimwa kwa matembezi ya nusu saa.

Kwa mliofika karibuni: mnaruhusiwa kulia mliyoyaacha. Hakuna anayewataka msahau. Hata wale wa 1959 hawakusahau, na siku ilipofika walirudi. Lakini pandeni. Wapolandi wa Nyabyeya walijenga kanisa ingawa hawakukusudia kuzeekea Uganda, nalo limebaki kwa wenyeji. Tutakapoondoka sisi, kama tutaondoka, na tuache visima vizima, miti iliyokomaa, na majirani watakaosikitika kutuona tunakwenda.

Kamati inawatakia wote sikukuu njema na mvua ya kutosha Septemba.