Miaka Arobaini na Maana ya Maisha Mema

Hapa Malampaka akishauza pamba, kijana huwaza pikipiki na nyumba ya bati. Mzee huuliza ni nani atakayemwombea dua. Kwa hiyo wengi huakhirisha toba, wakidhani uzee utawageuza wenyewe.

Aya ya 15 ya Surat al-Ahqaf inamtaja aliyefikia miaka arobaini: anaomba awezeshwe kushukuru na kutenda mema, na kizazi chake kitengenee. Mali haiombi. Imam Ghazali (Allah amrehemu), aliyezaliwa 450 Hijria, alikuwa mudarris mkuu wa Nidhamiya ya Baghdad. Mwaka 488 (1095), akikaribia umri huo, ulimi wake ukashindwa kusomesha. Akaacha cheo akaenda Sham. Aliporejea darasani Nishapur mwaka 499, alikiri kuwa zamani alifundisha elimu ya kutafutia jaha.

Lakini si kila mwenye mvi hugeuka hivyo. Hamed bin Muhammed el Murjebi (Tippu Tip), aliyefariki Unguja 1905, aliandika maisha yake uzeeni: kwa sehemu kubwa ni safari, vita na biashara ya pembe. Ya moyoni mwake anayajua Mola. Katika kurasa hizo mzee bado anahesabu frasila.