Siku Moja Mombasa: Tuliyoonyeshwa na Tuliyopitishwa

Kama ilivyo desturi ya idara yetu, wanafunzi wa mwaka wa pili walifanya ziara ya masomo katika mwambao wa Kenya, nasi walimu wawili tuliambatana nao. Ratiba ilikuwa na siku moja tu ya kuuona mji wa Mombasa. Kwa kuwa fedha zilikuwa chache na muda mfupi, tulinunua ziara ya kawaida ya watalii: basi dogo, mwongozaji, chakula cha mchana na vituo sita. Wasomaji wetu waliowahi kwenda huko wanavijua vituo hivyo. Hapa tunakusudia kueleza historia ya baadhi yake, na pia kueleza jambo lililotusumbua tangu asubuhi hadi jioni.

Kutoka Kampala hadi Mombasa kwa basi ni mchana na usiku, na sehemu kubwa ya njia hiyo hufuatana na reli. Tulipofika tukiwa tumevimba miguu, mwanafunzi mmoja aliuliza kwa nini reli iliyoanzia hapa iliitwa Reli ya Uganda ilhali haikufika Uganda. Ni swali zuri. Ujenzi ulianza Mombasa mwaka 1896 na reli ikafika ukingoni mwa Ziwa Viktoria, mahali palipoitwa Port Florence na leo panaitwa Kisumu, mnamo Desemba 1901. Wakati huo eneo hilo la ziwa lilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda. Mwaka uliofuata mpaka ukasogezwa, na reli nzima ikajikuta ndani ya nchi iliyokuja kuitwa Kenya. Kampala yenyewe iliipata reli mwaka 1931. Wafanyakazi wapatao 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi kwa kazi hiyo, na karibu 2,500 kati yao walifia njiani. Mwongozaji wetu hakulijua swali hilo, lakini alilipokea vizuri na akaomba aandikiwe jibu. Tangu hapo tukampenda.

Kituo cha kwanza kilikuwa zile pembe za ndovu katika Barabara ya Moi, ambako kila mgeni hupigwa picha. Tuliambiwa kwamba zilijengwa mwaka 1952 kwa heshima ya Binti Mfalme Elizabeth alipoitembelea Mombasa. Nusu ya maneno hayo ni kweli. Zilijengwa kwa ajili yake, lakini yeye hakufika. Alikuwa bado bara, karibu na Mlima Kenya, baba yake alipofariki tarehe 6 Februari 1952. Meli Gothic, ambayo ilikuwa imchukue Mombasa aendelee na safari yake ya baharini, ilikuwa ikimngojea bandarini. Badala ya kushuka pwani alirushwa kwa ndege kutoka Nanyuki hadi Entebbe, akacheleweshwa hapo na dhoruba, kisha akaruka kwenda kwao akiwa tayari ni malkia. Kwa hiyo sisi Waganda tulimwona kwa saa chache katika siku hiyo yake kubwa, na Mombasa ikabaki na pembe. Mwaka 1956, dada yake Margaret alipokuja, pembe ziliongezwa zikawa jozi mbili, na sasa zinaunda herufi M juu ya barabara. Ni za bati, si za ndovu. Wanafunzi walizipenda kuliko kitu kingine chochote siku hiyo, nasi hatukuwakataza.

Kutoka hapo tulikwenda Ngome ya Yesu. Kuhusu ngome hii mengi yameandikwa, hivyo tutachagua. Ilijengwa na Wareno kati ya mwaka 1593 na 1596 kwa mchoro wa Mwitaliano Giovanni Battista Cairati, wakati Ureno na Hispania zilipokuwa chini ya mfalme mmoja. Kuta zake zimesimama juu ya jabali la matumbawe linaloingia baharini, na ukiwa chini ukatazama juu huwezi kusema jabali limekwisha wapi na ukuta umeanzia wapi. UNESCO iliiweka katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2011.

Mwongozaji alituonyesha mizinga, birika la maji na ile njia iliyochimbwa ndani ya jabali hadi ufuoni, yenye matao. Alisema watumwa walipitishwa hapo. Wanafunzi wakanyamaza, wengine wakaingia na kushika ukuta kwa mikono. Sisi walimu tulitazamana. Wataalamu waliochimba ngome hii wanaieleza njia hiyo kuwa ilikuwa ya kupandishia shehena na watu kutoka majini, hasa wakati ngome ilipozingirwa upande wa nchi kavu. Kwamba biashara ya watumwa ilikuwapo Mombasa hakuna anayebisha, na tutaifikia hapa chini. Lakini tuliona vibaya kuwaona vijana wetu wakitoa machozi yao mahali pasipostahili, huku mahali panapostahili tukipapita kwa kasi ya kilomita 60 kwa saa.

Kisa ambacho tungependa kingesimuliwa kwa kirefu pale ngomeni ni cha Yusuf bin Hassan. Baba yake alikuwa mfalme wa Mombasa na Malindi, akauawa mwaka 1614 baada ya kukosana na Wareno. Mtoto akapelekwa Goa, akalelewa na mapadri wa Kiaugustino, akabatizwa kwa jina la Dom Jerónimo Chingulia na kufunzwa ubaharia. Akarudishwa Mombasa kutawala kwa niaba ya wale wale. Tarehe 16 Agosti 1631 aliingia ngomeni na watu wake, akamuua kapteni kwa jambia, akarejea katika Uislamu na jina lake la kwanza. Wareno wa mji huo waliuawa, wanaume, wanawake na watoto, pamoja na Waafrika waliokuwa wamebatizwa na kukataa kuiacha dini yao. Wareno walijaribu kuitwaa tena ngome mwaka 1632 wakashindwa. Baadaye Yusuf mwenyewe akaiacha, akaondoka kwa meli na kumaliza maisha yake akiwawinda maadui zake baharini. Juu ya lango kuna maandishi ya Kireno ya mwaka 1635 yanayosifu kurudi kwao. Tulipita chini yake. Mwongozaji alituambia tuangalie vichwa, kwa kuwa lango ni fupi, tukaangalia vichwa.

Mtu huyu hawezi kugeuzwa shujaa mtupu, wala mhaini mtupu, na ndiyo sababu tunadhani angewafaa wanafunzi wa chuo kikuu. Hali ni hiyo hiyo kwa ule mzingiro mkubwa wa Waomani, ulioanza Machi 1696 na kumalizika Desemba 1698, miezi 33. Katika ziara husimuliwa kama pambano la Waarabu na Wareno. Lakini ndani ya ngome, maradhi yalipokuwa yamewaua Wareno karibu wote, waliobaki kuitetea walikuwa zaidi ni Waafrika na Waswahili, wakiwamo watu wa Faza waliokuwa na ugomvi wao na Pate. Meli ya Wareno Santo António de Tanná, iliyoletwa kuwasaidia, ilizama mbele ya ngome mwaka 1697, na vitu vilivyoopolewa kutoka ndani yake tangu mwaka 1977 vimo katika jumba la makumbusho. Wapiga mbizi walikuta mabaki ya mbao za meli yenyewe chini ya tope.

Tulipotoka, tulipewa dakika 20 katika Mji wa Kale. Barabara yake kuu inaitwa Ndia Kuu. Hapa ndipo tulipouona ule mfupa uliotukwama. Mwanafunzi mmoja aliona kibao akacheka, akasema wamekosea kuandika, kwamba ilipaswa kuwa Njia Kuu. Wenzake wakacheka pamoja naye. Wakazi waliokuwa wameketi barazani walisikia.

Hawakukosea. Ndia ni Kimvita, lahaja ya Mombasa, kama vile mato ni macho, mtanga ni mchanga na ndoo ni njoo. Ni Kiswahili kilichokuwa na washairi kabla hakijawa na sarufi ya kuchapwa. Muyaka bin Haji, aliyefariki mwaka 1840, alitunga katika mji huu wakati Wamazrui walipokuwa wakipigania utawala wao dhidi ya Sayyid Said wa Omani na Zanzibar. Aliimba vita, mapenzi, umaskini na utani wa majirani. Mishororo yake ilihifadhiwa vichwani mwa watu hadi mmisionari W. E. Taylor na Mwalimu Sikujua wa Mombasa walipoikusanya, na ikachapwa kama diwani mwaka 1940. Wanafunzi wetu wanamsoma Muyaka darasani. Wamefanya mtihani juu yake. Hata hivyo walisimama katika mji wake wakaicheka lugha yake, na kosa hilo ni letu sisi tuliowafundisha.

Msomaji anaweza kuuliza ni nani aliyeamua kwamba njia ni sahihi na ndia ni makosa. Jibu lilipatikana papo hapo Mombasa. Mwaka 1928 ulifanyika mjini humo mkutano wa nchi za Afrika Mashariki zilizokuwa chini ya Waingereza kuamua lahaja ya kuwa msingi wa Kiswahili cha shule na vitabu. Wamisionari wa Mombasa walikuwa wamejenga kazi yao juu ya Kimvita. Wale wa Zanzibar, juu ya Kiunguja. Kiunguja kilishinda, na mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya kukisimamia, Uganda ikiwa miongoni mwa wanachama wake. Katika miaka hiyo hiyo huku kwetu Gavana Gowers alikuwa akitaka Kiswahili kiingizwe shuleni, na Kabaka Daudi Chwa pamoja na maaskofu wakipinga. Kwa hiyo katika kipindi kile kile Mombasa ilinyang'anywa Kiswahili chake na Uganda ikakikataa kilichochaguliwa. Kwetu hesabu hiyo imechukua muda kusahihishwa: marekebisho ya katiba ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na Baraza la Mawaziri lilikubali kukitekeleza mwaka 2022. Kuhusu mkutano wa 1928, mwongozaji hakuutaja kabisa, wala hatukumlaumu. Si jambo la kupigia picha.

Baada ya chakula tulivuka Daraja la Nyali. Upande wa pili kuna mnara wa kumkumbuka Johann Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844 na katika miezi michache akamzika mke wake Rosina na mtoto wao mchanga. Krapf aliandika sarufi, na kamusi yake ilitoka mwaka 1882, baada ya kifo chake. Ni kamusi ya Kimvita zaidi kuliko lahaja nyingine yoyote. Basi halikusimama. Mbele kidogo tukapita Kengeleni, nalo basi halikusimama. Jina hilo linatokana na kengele ya Frere Town, kijiji kilichoanzishwa mwaka 1874 na 1875 na wamisionari wa Kianglikana kwa ajili ya watu waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa. Mnara wake upo hadi leo kando ya barabara yenye magari mengi. Watu hao walitoka Malawi, Msumbiji, bara ya Tanganyika na kwingineko, na wengine wao walikuwa wamelelewa India kabla ya kurudishwa. Ni katika Kiswahili ndipo walipopata lugha moja. Askofu Hannington alianzia safari yake hapo mwaka 1885, akauawa Busoga mwezi Oktoba, na kila mtoto wa Uganda anamjua. Hapa ndipo machozi ya njia ya matao yalipostahili kumwagwa. Tuliona mnara kupitia dirishani kwa muda wa kuhesabu hadi tano, kisha tukapelekwa katika duka la vinyago, tukakaa dakika 50.

Jioni tulimalizia Mama Ngina, ukingoni mwa bahari, penye mibuyu mikubwa na meli zinazoingia Kilindini zikipita karibu kiasi cha kusoma majina yake. Tulikula mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu, tukanywa madafu. Simu ya mwongozaji ikalia. Alikuwa mama yake. Akazungumza naye kwa dakika chache, na wanafunzi wetu wakaacha kutafuna. Lugha ilikuwa nyingine kabisa, laini, yenye t za mbele ya meno, na ndani yake tukasikia ndia, tukasikia mato.

Alipomaliza, yule mwanafunzi aliyecheka asubuhi akamwuliza: "Kaka, mbona kutwa nzima hukuzungumza nasi hivyo?"

"Nyinyi ni watu wa chuo," akajibu. "Nilidhani mwataka Kiswahili cha kitabuni."

Kijana akaomba radhi kwa kile kicheko cha Ndia Kuu. Mwongozaji akasema hakukisikia. Tuna hakika alikisikia. Kisha akakaa nao juu ya ukuta hadi jua likazama, wakimwuliza maneno naye akiyataja, na madaftari yakatolewa kwa mara ya kwanza siku hiyo. Dereva alipiga honi mara tatu.

Tumemwandikia majibu ya reli kama tulivyoahidi. Kwa kundi lijalo tumemwomba aache duka la vinyago na pembe za ndovu azipite tu njiani. Asubuhi iwe ya kutembea kwa miguu Mji wa Kale, na mchana wa Kengeleni na kwa Krapf. Amekubali, ila amesema pembe hataziacha, kwa sababu wageni wote huziulizia.