Bodi ya Redio Ilivyofika Nchi ya Chai

Mwaka 1950 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alifika Kapkatet, katika vilima vya chai vya Kericho, na mitambo yake ya kurekodi, akanasa sauti za wasichana wa Kipsigis wakimwimba Chemirocha. Huyo alikuwa Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefika vilima hivi kwa njia ya santuri. Gramafoni iliyopiga santuri hizo haikutaka umeme. Ilijazwa springi kwa mkono, basi. Redio ilikuwa na habari nyingine. Chini ya vali zake mlikuwa na msitu wa nyaya, kila kiungo kimelehemiwa peke yake na mfanyakazi aliyeketi kiwandani kutwa nzima. Kazi ya mikono hiyo ndiyo iliyopandisha bei.

Waliotaka kuupunguza msitu huo walikuwa wengi. Paul Eisler, mkimbizi kutoka Austria, aliunda redio jijini London mwaka 1936 ambamo mistari ya shaba juu ya kibao, yaani bodi, ilichukua nafasi ya nyaya. Mwaka 1947 Mwingereza John Sargrove alionyesha mtambo ulionyunyizia zinki kwenye vibao vyenye mifereji, ukatoa sakiti za redio ndogo karibu bila kuguswa na mtu. Kisha, mwaka 1949, Danko na Abramson wa jeshi la Marekani wakapata njia iliyodumu: toboa kibao, penyeza miguu ya vipuri, kisha lehemu viungo vyote kwa mara moja.

Mwaka huohuo, huko Lusaka, afisa wa habari Harry Franklin aliishawishi kampuni ya Ever Ready itengeneze redio ambayo Mwafrika wa kawaida angeweza kuinunua. Kasha lake lilikuwa sufuria ya alumini isiyo na mpini, chombo ambacho tayari kilikuwa kikitengenezwa kiwandani. Iliuzwa kwa pauni 5, na betri shilingi 25. Kwangu mimi, Franklin anastahili kutajwa pamoja na wavumbuzi wa bodi, maana alianzia kwenye mfuko wa mnunuzi, ndipo akarudi kiwandani.

Transista ilimaliza kazi. Regency TR-1 ya mwaka 1954 ilikuwa na transista nne juu ya bodi iliyochapishwa, na baada yake redio za betri zilizidi kushuka bei mwaka hadi mwaka. Hizo ndizo zilizoingia katika nyumba za wachumaji wa kampuni za chai za Brooke Bond na African Highlands, na, baada ya mamlaka ya kuendeleza chai, KTDA, kuundwa mwaka 1964, katika maboma ya wakulima wadogo wa Litein na Mogogosiek.

Ukifungua redio ya enzi hizo utaona hesabu ya mchoraji wa bodi yake. Bodi ni ya kahawia, karatasi iliyoshikamanishwa kwa utomvu, yenye shaba upande mmoja tu. Mistari miwili ikilazimika kupishana, kipande cha waya huruka juu badala ya kulipia tabaka la pili la shaba. Vipuri vina nafasi, na kando ya kila kimoja pamechapwa herufi na namba. Yote hayo yalikusudiwa kumrahisishia kazi mfanyakazi wa kiwandani, lakini fundi wa sokoni Kericho alifaidi vilevile: kapasita ikifa, aling'oa moja, akatia nyingine.

Tangu miaka ya 1980 vipuri visivyo na miguu vimetawala. Mashine huvibandika juu ya bodi, tanuri huvilehemu. Katika vifaa vya bei rahisi kabisa chipu hufunikwa kwa tone gumu jeusi, na hapo fundi hana la kufanya. Gharama iliyoondolewa kiwandani imehamishiwa kwa mwenye kifaa, na hili halisemwi vya kutosha. Mfano ni katika vituo vya kununulia majani ya chai, ambako mizani ya springi imepisha mizani ya kielektroniki. Bodi yake ikigoma, kilo za mkulima hazihesabiki mpaka mizani nyingine ije.

Oktoba 2023 kiwanda cha kuunganisha simu kilizinduliwa Athi River, hapa Kenya. Ni hatua njema, ila kuunganisha si kuchora. Anayechora ndiye anayeamua kama kifuniko kitagundishwa kwa gundi au kitafungwa kwa skrubu, kama patakuwa na sehemu za kupimia umeme, na kama bodi itapakwa vanishi ya kuzuia unyevu, kitu ambacho mizani inayofanya kazi katika mvua za mchana za Kericho na Bomet haiwezi kukikosa.