Wikiendi ya wawili Paris: anza na viza, mapenzi yatafuata

Hii ni hasa kwa nyie wa ughaibuni mnaobeba boksi mwaka mzima mkisubiri siku mbili za kupumua. Kuna swali naulizwa kila Februari ikikaribia: nataka kumpeleka mwenzangu Paris wikiendi moja tu, nianzie wapi? Mimi shule niliishia kidato cha sita na sina kampuni ya utalii, ila naishi hapa Uingereza, nimeshaenda na mchumba wangu mara mbili, na nimewapangia washkaji kadhaa safari hiyo hiyo. Haya ndiyo ninayowaambia.

Watu wengi wanaanza na hoteli. Wewe anza na pasipoti. Kuna jamaa mmoja, Mbongo mwenzetu, kibali chake cha kuishi Uingereza kilikuwa halali kabisa. Ijumaa jioni kafika stesheni ya St Pancras, London, yeye na mwenzake, pete ipo kwenye mfuko wa koti. Sasa, Wafaransa wanakagua pasipoti hapo hapo London kabla hujapanda treni. Dada ana pasipoti ya Uingereza, akapita. Jamaa ana ya Tanzania, akaulizwa viza ya Schengen. Hana! Alijua "huko kote si Ulaya". Treni ikaondoka, hela ya tiketi na ya hoteli nayo ikaondoka. Pete aliitoa usiku ule ule kwenye duka la chipsi jirani na stesheni. Bahati yake alikubaliwa, maana wapo ambao wasingekubali.

Kwa hiyo elewa hivi. Uingereza na Ireland hazimo kwenye eneo la Schengen. Ukiwa na pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda au Kongo na unaishi London au Dublin, unahitaji viza kama yule anayetokea Dar. Lakini ukiwa na kibali cha kuishi Uholanzi, Sweden, Ujerumani au nchi nyingine ya Schengen, unaingia Ufaransa bila viza kwa ziara fupi. Beba pasipoti na kibali vyote viwili, usiache kimoja nyumbani.

Ada ya viza kwa mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024. Unaruhusiwa kuomba kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Mimi nasema usisubiri hizo siku 15, nafasi za miadi zinajaa, hasa kabla ya Valentine na Pasaka. Watataka taarifa ya benki, hati za mshahara, mahali pa kulala, tiketi ya kwenda na kurudi, na bima ya safari ya angalau yuro 30,000. Chagua hoteli inayokuruhusu kufuta bila kukatwa hela mpaka viza itoke. Yuro 90 hazirudi ukinyimwa, usiongezee na za hoteli.

Usafiri sasa. Kutoka London treni ya Eurostar inatumia kama saa mbili na dakika ishirini hivi, na inakushusha Gare du Nord, ndani ya mji. Ndege inaweza kuonekana rahisi zaidi, lakini soma jina la uwanja vizuri. Beauvais unauzwa kama "Paris" wakati uko kama kilomita 80 kutoka mjini, na basi linakula zaidi ya saa nzima. Kwenye wikiendi ya saa 48, kwenda na kurudi hapo ni nusu siku yako imekatwa. Kutoka uwanja wa Charles de Gaulle treni ya RER B inakufikisha mjini kwa kama dakika 40. Nauli mwaka 2025 ilikuwa yuro 13, na safari moja ya metro mjini ilikuwa 2.50. Nunua kadi ya Navigo Easy, na kila mtu awe na yake. Kadi moja haipitishi wawili, hata kama mnapendana vipi.

Hoteli: Paris imegawanywa mitaa 20, inazunguka kutoka katikati kama gamba la konokono. Angalia tarakimu mbili za mwisho za namba ya posta: 75004 ni mtaa wa 4, 75011 ni wa 11. Ikianza na 93 au 92, hapo umetoka nje ya Paris. Mimi napenda wa 11, bei si ya kuua na jioni kuna watu.

Tukija kwenye mapenzi yenyewe... kosa kubwa ni kujaza ratiba. Mnara wa Eiffel, jumba la Louvre, Versailles, Disneyland, vyote siku mbili! Mtaishia kugombana kwenye foleni. Mnara una uzuri wake ukiutazama kwa mbali. Usiku unametameta kwa dakika tano kila saa inapoanza, na tangu Septemba 2022 taa zake zilipangwa kuzimwa saa sita kasoro robo usiku. Simameni Trocadéro au kwenye daraja lolote la karibu, bure kabisa. Lazima upande? Nunua tiketi mapema mtandaoni, au panda ngazi mpaka ghorofa ya pili, hazipungui 670. Mwambie mapema asivae viatu virefu.

Louvre, jumanne imefungwa, na tangu Januari 2026 wageni wasio raia wala wakazi wa eneo la kiuchumi la Ulaya wanalipa yuro 32 kila mmoja. Sisi wa Uingereza tumo. Ukiitaka nenda Ijumaa jioni, inakaa wazi mpaka saa tatu usiku. Mimi hela hiyo naila. Petit Palais na Carnavalet hazitozi kiingilio kwenye maonyesho yake ya kudumu, na kanisa la Notre-Dame, lililoungua Aprili 2019 na kufunguliwa tena Desemba 2024, kuingia ni bure.

Jumamosi asubuhi na mapema pandeni Montmartre. Kuna ukuta wa vigae pale Abbesses umeandikwa "nakupenda" kwa lugha 250 hivi. Mkishuka upande wa mashariki mnatokea Château Rouge, soko la Waafrika, mihogo na ndizi za kupika zimejaa. Jioni shukeni ncha ya kisiwa cha Île de la Cité, bustani ya Vert-Galant, na mkate na jibini lenu, maji pande zote mbili. Kama una pete, toa hapo.

Usibebe kufuli la kufunga darajani. Pale Pont des Arts kipande cha ukingo kilianguka 2014 kwa uzito, na 2015 mji ukayang'oa yote, kama tani 45. Na ukiona mtu anainama mbele yako "kuokota" pete ya dhahabu halafu anakupa wewe, pita. Vilevile wale wa kufunga uzi mkononi chini ya Sacré-Cœur, ukishafungwa unadaiwa hela.

Kwenye kula, anza na "bonjour" kabla hujasema kingine, utaona uso unabadilika. Agiza "une carafe d'eau", maji ya bomba bure. Huduma imo kwenye bei, bakshishi si lazima. Mchana menyu ya pamoja ni nafuu kuliko jioni, na majiko mengi yanafungwa kuanzia kama saa nane na nusu mpaka saa moja jioni. Jumapili maduka mengi yamefungwa, ila Marais kuna uhai, mkae hata Place des Vosges.

Kurudi, fika Gare du Nord zaidi ya saa moja kabla, kwa saa ya Paris, iko mbele ya London. Pale unakaguliwa na Wafaransa na Waingereza. Hakikisha viza yako ya kielektroniki ya Uingereza imeunganishwa na pasipoti unayosafiria, hasa kama umebadilisha pasipoti karibuni. Mwenye swali aulize hapo chini, nitajibu nikitoka shifti.